"Excuse me", "sorry", "pardon" ama "I apologise": utumie gani, wapi, na kwa nani

Kuna dereva wa trela juzi alisimama mlangoni kwetu, kofia mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anauliza siri, "Dada, nikiingia kwa huyo mzungu nianze na sorry ama nianze na excuse me?" Mzungu mwenyewe alikuwa mgeni wa shirika moja, amekuja kufuatilia mizigo yake, amekaa chumba cha ndani na bosi, na dereva alikuwa anataka tu sahihi moja kwa karatasi aondoke zake. Nikamwambia anza na excuse me. Akaingia, woga ukamshika, akasema "Sorry sir." Mzungu akashtuka, "What happened?" Alidhani trela imepinduka.

Mimi nko Busia, upande wa Uganda, ofisi ya mawakala wa forodha, ile kazi tunaita kliaringi. Siku nzima ni Kiswahili na madereva wanaotoka Mombasa, Lusamia na Luganda na watu wa hapa, alafu simu inalia ni mteja wa Kampala na lazima ulimi ugeuke pale pale uende Kiingereza. Maneno yenyewe tunayajua, tangu praimari wani tuliyaimba. Shida ni kwamba Kiswahili kimetupa "samahani" moja ya kufanya kazi zote, unaisema kabla ya kusumbua mtu, unaisema baada ya kukosea, unaisema ukitaka kupita, unaisema ukiwa hujasikia, na kando yake tuko na "pole" ya kumhurumia mtu basi. Kiingereza kimeikata hio samahani vipande vipande, alafu kikachukua pole yetu kikaitia ndani ya kipande kimojawapo, na hapo ndio tunapoteleza.

Nitalinganisha nne: "excuse me", "sorry", "pardon" na "I apologise". Usitegemee nikwambie moja ndio kiboko ya zote, kwa sababu kila moja iko na mahali pake ambapo zile zingine zinaonekana vichekesho.

Kwanza, tunapima na nini

Nikiwa nafundisha vijana wa ofisini nawauliza vitu vitano. Cha kwanza, hii kitu imeshatokea ama bado? Yaani unaomba ruhusa ya kusumbua, ama umeshasumbua? Cha pili, kosa ni la nani, lako, lake, ama halina mwenyewe. Cha tatu uzito, umegusa bega la mtu ama umempotezea mzigo. Cha nne, uko mbele ya nani, na je ni mdomo ama maandishi. Cha tano watu hawakifikiriagi kabisa lakini kwangu mimi ndio kipimo kizuri kuliko vyote: wewe unategemea akujibu nini? Ukijua jibu linalotakiwa, utajua kama neno lako limefika ama limepotea njiani, kama vile ya yule dereva, alitaka "Yes, come in" akapata "What happened?"

Excuse me

Hii ni ya kabla. Bado hujafanya kosa, unabisha hodi tu. Kwa kweli ukitaka kuielewa haraka sahau samahani, fikiria hodi (kwa Luganda wanasema koodi, ni ile ile). Unasimama mlangoni kwa mtu, unataka umakini wake, unataka njia, unataka kuuliza kitu. Neno lenyewe lilitoka Kilatini na maana yake ya zamani ilikuwa kumtoa mtu kwenye mashtaka, kwa hiyo ni kama unasema usinishtaki kwa hiki ninachotaka kufanya sasa hivi.

Mfano mzuri ni takisi. Umepanda hizi za abiria 14 kutoka Busia kwenda Kampala, umekaa nyuma kabisa, kufika Namawojjolo gari linasimama, kuku wa kuchoma kwa vijiti anapitishwa dirishani mpaka puani kwako, na wewe tumbo limekubana unataka kushuka ujisaidie. Mbele yako kuna mama na mtoto, kuna mzee na mfuko wa mchele miguuni, kuna yule wa kiti cha kukunja. Hapo ukisema "Excuse me, please" kila mtu anajua anatakiwa asogeze goti. Ukisema "I apologise" watageuka wakuangalie umewafanya nini.

Uzito wake ni mwepesi. Inafaa kwa mtu yeyote, mgeni usiyemjua, polisi, nesi, mhudumu wa hoteli, mkubwa wako, na sisi huku Uganda tunapenda kuipaka sukari ya "sir" ama "madam" mwishoni. Wazungu wengi siku hizi hawaitaki sana hio sukari lakini haijawahi kumuudhi mtu, wewe weka tu. Kwa maandishi ndio haifai, imeli inayoanza na "Excuse me" inasomeka kama mtu ameingia chumbani mikono kiunoni. Jibu lake ni "Yes?" ama "Sure", ama mtu anasogea tu bila kusema kitu, na kusogea kwenyewe ndio jibu.

Unaitumia pia ukitoka mezani, ama simu ikikulilia katikati ya maongezi, na kama mnatoka wawili inakuwa "excuse us". Ukipiga chafya ama ukicheua mbele za watu ni hio hio, na hapo peke yake ndio inakuja baada ya tendo. Wamarekani wao wanaendelea mbele kidogo, hata wakikugonga bega barabarani wanasema "excuse me" na imetosha, wakati Mwingereza hapo atasema "sorry" hata kama aliyegongwa ni yeye.

Sasa sumu yake iko kwa sauti. "Excuse me" ya kushuka mwishoni ni adabu. "Excuse me?" ya kupanda, ya taratibu, ni sikusikia. Lakini "Excuse ME?" ile ya kukaza mwishoni na macho yametoka, hio ni "wewe unaniambia mimi hivo?", ni vita. Tulikuwa na binti mmoja mapokezi, mzuri sana wa kazi, simu ilikuwa inakatakata akamwambia mteja "Excuse me?" mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi kwa sababu alikuwa anashindana na kelele za malori nje, na mteja akamwambia bosi kwamba kuna msichana ofisini anamgombeza. Binti alilia. Alikuwa anataka tu kusikia namba ya gari.

Inamfaa nani basi? Mtu ambaye kazi yake ni kuanza maongezi na watu wasiomjua, konda, mhudumu, mwanafunzi anayeuliza njia pale Wandegeya, Kampala, mtu wa mapokezi. Kama siku yako nzima ni hodi hodi, hii ndio yako.

Sorry

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndio sisi Waganda tumejenga nyumba yetu na wenyeji wa Kiingereza hawajui tuliingiaje.

"Sorry" inafanya kazi tatu. Ya kwanza ni kosa dogo limeshatokea: umekanyaga mtu, umechelewa dakika kumi, umemwaga chai. Ya pili ni sikusikia, ukiipandisha, "Sorry?" Ya tatu ni huzuni, "I'm sorry to hear that", na kwenye msiba "I'm sorry for your loss". Hio ya tatu ndio mlango tuliopitia sisi tukaingiza pole yote nzima nzima. Mtu akijikwaa Uganda kila aliyemwona anasema "Sorry!" Akikohoa, sorry. Akiangusha simu yake, sorry. Kikapu cha nyanya kikimwagika sokoni utasikia sorry kutoka vibanda sita. Ni pole, ni "bambi" ya Luganda, imevaa shati ya Kiingereza.

Mgeni mwingine wetu, mwanamke wa makamo kutoka Ulaya, aliteleza kwa baraza letu siku ya mvua, si mnajua lile tope jekundu linavyokuwa kama sabuni, akakaa chini pwaa. Mimi na wenzangu watatu tukaimba kwa pamoja "Sorry! Sorry! Sorry madam!" Akainuka akatuangalia mmoja mmoja, akasema kwa upole kabisa, "But it's not your fault." Tukanyamaza. Yeye alikuwa anasubiri "Are you all right?" kwa sababu kwake kujikwaa hakuna haja ya sorry ya mtu aliyesimama kando, ila labda mtu akuulize kama umeumia. Na sisi kwetu mtu akianguka ukamuuliza tu umeumia bila kusema pole kwanza unaonekana moyo wa jiwe.

Mimi binafsi siwezi kusema tumekosea. Hio "sorry" asili yake ni neno la Kiingereza cha kale la kuumia, ni ndugu na "sore", kidonda, kwa hiyo sisi tunaoitumia kama pole tuko karibu na mzizi wake kuliko tunavyofikiriwa. Lakini kama unaongea na mtu wa nje, ongeza ile ya kwao, "Sorry! Are you all right?" Hapo amepata pole yako na amepata swali lake, hakuna aliyepoteza.

Kuhusu kabla ama baada, sorry ni ya baada, isipokuwa ukiifunga kwa "to": "Sorry to bother you", "Sorry to interrupt". Hio inaruhusiwa kabla, ama wakati uko katikati ya kusumbua kwenyewe. Dereva wetu angesema "Sorry to interrupt, sir" hakuna ambaye angeshtuka, ile sorry kavu ndio ilileta habari ya trela kupinduka.

Kisarufi watu wanaanguka hapa: "Sorry for late." Hapana. Ni "Sorry I'm late" ama "Sorry for being late." Kitu kikiwa ni jina tu mara nyingi unaweka "about", "Sorry about the noise." Na urefu unaongeza uzito, "sorry" ni ya bega, "I'm sorry" ni ya mtu, "I'm really sorry" ni ya kitu kimeharibika. Usiruke ngazi. Ukimwambia mtu "I'm so, so sorry" kwa sababu umemchelewesha dakika mbili anaanza kujiuliza unaficha nini.

Alafu kuna sorry bandia mbili, zichunge. "Sorry if you were offended" haiombi kitu, inasema shida ni wewe unayekasirika ovyo. Na "Sorry, but..." hapo unajua mwenyewe, kila kitu kabla ya "but" kimefutwa, hata kwa Kiswahili "samahani lakini" tunaijua ladha yake.

Wengine wanaogopa kusema sorry kwa sababu wanadhani ni kukiri kosa, hasa kwenye mambo ya ajali na pesa. Hofu hio sio ya kijinga, hata wenye lugha wako nayo mpaka wakatunga sheria, Uingereza mwaka 2006 waliandika kwamba kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kukiri uzembe, na mkoa wa Ontario kule Canada ukatunga ya kwake 2009. Huku kwetu barabarani kila mtu atakwambia mambo yake, mimi nachosema tu ni kwamba "Are you hurt?" haimkamati mtu yeyote, na ndio kitu cha kwanza cha kuuliza.

Jibu la sorry ni "That's all right", "No problem", "Don't worry". Kama umesema sorry ya pole, mtu akakujibu "It's okay" kama vile amekusamehe, basi jua amekuelewa vibaya, mwache tu, maisha yanaendelea.

Inafaa mtu wa kawaida katika mambo ya kawaida, yaani karibu wote sisi. Mtu mmoja tu namkataza, yule anayeisema kila sentensi. Kuna kijana hapa ofisini anaanza na sorry hata akikuletea chai uliyomwagiza wewe mwenyewe. Ikizidi hivo, siku ukikosea kweli huna neno lililobaki.

Pardon

Hii fupi. Shuleni tulifundishwa ukiitwa na hujasikia usiseme "What?", sema "Pardon?", na mwalimu alikuwa na kiboko cha kukumbusha. Kwa hiyo Mganda aliyesoma anaiona pardon kama adabu ya juu kabisa. Kinachochekesha ni kwamba kule ilikotoka sio hivo. Mwaka 1954 profesa mmoja wa lugha pale Birmingham, Alan Ross, aliandika jinsi wakubwa wa tabaka la juu la Uingereza walivyojitenga na watu wa tabaka la kati kwa maneno tu, na "pardon" akaiweka upande wa wale wa kati, hawa wakubwa wenyewe walikuwa wanasema "What?" Ile ile tuliyochapiwa! Mimi nilipoambiwa nilimkumbuka mwalimu wangu wa P.4 nikacheka peke yangu ndani ya takisi.

Kwa vipimo vyetu: ni ya baada ya mtu kuongea na wewe hujashika, kosa halina mwenyewe, uzito hakuna, mdomo tu, na jibu ni mtu kurudia alichosema. Inafaa simu, darasa, na kwa wazee wa Kiingereza cha zamani. Vijana wa nje watasema zaidi "Sorry?", na kama hujaelewa hata ya pili acha kuimba pardon pardon, sema wazi "Could you say that again, please? The line is bad." Kama tungemfundisha hio binti wa mapokezi mapema asingelia.

Usichanganye na ndefu yake, "I beg your pardon." Ile nayo iko na sura mbili, ya mzee mpole amekugusa kiwiko, na ya mtu amesikia sawasawa kabisa na anakupa nafasi ya mwisho ya kubadilisha ulichosema. Ukiisikia hio ya pili, badilisha.

I apologise

Hii ndio imevaa suti. Inakuja baada, kosa ni lako ama la kampuni yako, uzito ni mkubwa, na nyumba yake ni maandishi. Cha ajabu mzizi wake ni wa Kigiriki na maana ya mwanzo ilikuwa hotuba ya kujitetea, ndio maana ukiitumia vibaya inarudi kwa asili yake, inakuwa maelezo marefu ya kwa nini wewe sio mkosaji.

Mimi nilishawahi kumtumia mteja karatasi za mteja mwingine. Bei za mzigo, jina la muuzaji, kila kitu. Niligundua saa mbili usiku nko nyumbani nakaanga samaki, nikazima jiko. Imeli ya kwanza niliyoandika ilikuwa mistari kumi na mbili, mtandao ulikuwa mbaya, siku ilikuwa na kazi nyingi, majina yanafanana, nikaisoma nikaona ni utetezi wa mahakamani. Nikafuta. Ya pili ilikuwa hivi: "I apologise for sending you the wrong documents this afternoon. It was my mistake. Please delete that email. The correct documents are attached." Basi. Na yule mteja mwingine mwenye karatasi nikampigia simu, kwa mdomo, na kwa mdomo nilisema "I'm really sorry", sikusema apologise, kwa sababu kwa simu ile neno linakuwa baridi, ni kama unamsomea barua.

Hio ndio tofauti yake kubwa na sorry: apologise inasema kitendo, nimekosa na naomba radhi, sorry inasema moyo, naumia. Kwa maandishi ya ofisi watu wanataka kitendo. Uso kwa uso wanataka moyo. Na kwa mtu aliyefiwa usithubutu kuandika "I apologise for the death of your father", nimewahi kuisoma kwenye kadi ya rambirambi na nikaifunika haraka na kiganja, ni kama umekiri mauaji. Hapo ni "I'm sorry for your loss" ama "My condolences."

Tahajia, huku tunafuata Uingereza, s, "apologise", Wamarekani wanaweka z. Unaomba radhi "to" mtu "for" kitu. Na kuna "apology" ya pili tunayoijua sana kwenye mitingi, kule kwenye orodha ya waliohudhuria wanaandika "absent with apology". Hio ni udhuru tu, umetoa taarifa kwamba hutafika, hakuna kosa hapo. Ukitaka kuituma, "Please accept my apologies, I will not be able to attend", kwa wingi hivo, "apologies".

Jibu lake ni "Thank you for letting us know" ama "Apology accepted", na wakati mwingine hakuna jibu kabisa, mteja anaendelea na kazi, hio pia ni jibu. Inafaa mtu wa ofisi, katibu wa kikundi, mwenye biashara anayemwandikia mteja. Nyumbani na mume wako usiitumie, atadhani umemletea mwanasheria.

Na kumkatiza mtu anayeongea je?

Hapa hakuna neno moja linalotosha, unachanganya. Na hapa ndio tabia zetu zinatoka nje. Kwanza kuna "You first wait", tumeitoa kwa Luganda, "sooka olinde", na kwa Kiswahili ni "ngoja kwanza", kwetu ni laini kabisa, lakini mgeni anasikia amri. "Just a moment, please" inafanya kazi ile ile bila kumpiga mtu kifua.

Pili, tukubali tu, Kiswahili chetu cha Uganda kimebeba sauti ya kambi. Katiba ilishakifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005, mwaka 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe kwa lazima mashuleni, lakini nenda Kampala uongee Kiswahili kwa nguvu uone wazee wanavyogeuka, wanakumbuka askari, "kuja hapa", "kaa chini". Sisi wa mpakani tunajua Kiswahili cha "tafadhali" na "naomba" kipo, tunakitumia kila siku, ila tukihamia Kiingereza wengine tunatafsiri ile fupi ya kambini, "Give me the form", "You sign here". "Naomba hio fomu" kwa Kiingereza ni "Could I have the form, please?" Hilo swali ndio linabeba adabu yote, bila hata sorry ndani.

Kwenye mitingi, subiri mtu ameze mate, yaani pumzi yake ikatike, alafu "Sorry to interrupt, can I just add something?" Kama unataka kumsahihisha mkubwa, "Excuse me, sir, if I may..." ni nzuri. Mkono juu pia ni lugha, na kwa simu ya video ndio lugha bora kuliko zote. Kama wewe ndio umekatizwa na hujamaliza, una haki pia, "Sorry, let me just finish this point", sema ukitabasamu kama unaweza, mimi siweziga.

Sasa wewe uko wapi?

Unataka kupita, kuuliza bei, kuuliza njia, kuita mhudumu: "Excuse me". Kama ni soko la Owino kule Kampala, katikati ya watu na mtu amebeba furushi kichwani, hakuna Kiingereza kitakachokusaidia, sema "ssebo" (bwana) ama "nnyabo" (mama) kwa Luganda upite.

Umekanyaga mtu, umechelewa, umemwaga: "Sorry", ngazi yake kulingana na hasara. Kama umemwaga kwa nguo ya harusi panda mpaka juu, "I'm so sorry", na shika kitambaa.

Mtu amejikwaa mbele yako: Mganda mwenzako, "sorry" yetu inatosha, ama pole yenyewe. Mgeni, ongeza "Are you all right?"

Hujasikia kwenye simu: "Sorry?" ama "Pardon?", ukiwa na mteja mzee pardon ni salama, mara ya pili omba arudie kwa sentensi kamili. "Excuse me?" iache kabisa kama kuna kelele na unapaza sauti.

Umekosea kazini na kuna pesa ama siri ya mtu ndani yake: piga simu kwanza kama unaweza, "I'm really sorry", alafu imeli fupi, "I apologise for...", kosa, unarekebishaje, basi. Hutahudhuria kikao, "my apologies", siku moja kabla.

Na bosi ama mgeni akiwa anaongea na mtu na wewe unataka sahihi tu, unganisha mbili. Yule dereva nimemwandikia kwenye kipande cha karatasi amekibandika juu ya usukani: "Excuse me, sir. Sorry to interrupt. Could you sign here, please?" Nikamwambia anaporudi wiki ijayo aisome mara tatu akiwa bado kwenye foleni ya malori, na safari hii abebe kalamu, kwa sababu ile siku baada ya mzungu kutulia kwamba hakuna trela lililopinduka, akaulizwa "Do you have a pen?", na hakuwa nayo.